Fundi Aliyetoa Viti Nje

Mimi niliozeshwa na fundi seremala. Wazazi wangu walifanya yao, wazee walikunywa yao, mbuzi nao walienda walikotakiwa kwenda, lakini siku ile jambo lilipolala chini kabisa, aliyeliinua alikuwa Fundi, na aliliinua kwa kigoda. Mke wangu Njeri ana maelezo yake tofauti. Nitayaweka mwishoni, kwa sababu nikiyatoa sasa hakuna atakayenisikiliza tena.

Msiniulize Fundi alizaliwa mwaka gani wala baba yake aliitwa nani. Alitoka upande wa magharibi, kunakonyesha sana, akaja Thika kutafuta kazi kama wengine wote, na nilipomjua alikuwa tayari ana mvi juu ya masikio. Karakana yake ilikuwa bati juu ya nguzo nne, nyuma ya maduka, karibu na stesheni ya reli. Thika ilikuwa na maseremala wengi, lakini ukisema Fundi, kila mtu alijua ni yule mwembamba wa koti la kahawia, ambaye ukimwendea kuagiza viti sita unarudi nyumbani na viwili na maneno mengi.

Aliishi peke yake mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye chumba cha udongo alichokipaka chokaa mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoingia nilidhani ameibiwa. Kulikuwa na kitanda, sufuria, taa ya chemni, meza iliyokunjwa ukutani kwa bawaba, na vigoda viwili. Kwisha. Hapakuwa na kalenda wala picha. Ukutani kulikuwa na msumari mmoja, na msumari huo haukutundikiwa kitu.

"Huu msumari ni wa nini?" nikamuuliza.

"Nangoja kitu yenye inafaa kukaa hapo."

"Umengoja muda gani?"

"Miaka nane. Sina haraka."

Wakati ule nyumba nzuri, kwa macho yetu sisi tuliokuwa na mshahara, ilikuwa nyumba iliyojaa. Kochi, viti vya mito, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kunywea, na juu ya kila kitu kitambaa cha kufuma. Mwanamke asiyejua kufuma vitambaa alisemwa kisimani. Ulikuwa ukiingia kwa mtu unapita kiupandeupande, unakaa mbele kabisa ya kiti ili usivuruge kitambaa cha mgongoni, unakunywa chai umeshika kisahani chini ya kidevu, unaondoka umechoka. Tuliita hayo maendeleo.

Fundi, ambaye alikula kwa kutengeneza makochi hayo hayo, hakuyapenda hata kidogo. Alikuwa akiyatengeneza vizuri, kwa uso wa mtu anayemnywesha mtoto dawa chungu. Kabla ya kukubali kazi alidai kwanza akae nyumbani kwako. Si kupima. Kukaa tu. Nyapara mmoja wa kiwandani alimwita amtengenezee viti sita na kabati, Fundi akaenda Jumapili baada ya kanisa, akakaa pembeni mpaka jioni bila kusema neno, akiangalia watoto wakipita, mama akipita na maji, koti la nyapara likiwekwa kitandani, likihamishwa mezani, likianguka, likiokotwa. Kesho yake akampelekea ubao wenye vigingi vitano vya kutundikia nguo. Nyapara alikasirika akaenda kumtangaza Thika nzima kuwa ni mwendawazimu. Baada ya wiki mke wa nyapara alimletea Fundi kuku, akamwambia asimwambie mzee.

Nilimuuliza siku moja kama haogopi kukosa wateja. Alikuwa na jibu moja kwa maswali yote ya namna hiyo: kiti ni cha kukalia, na kisichokaliwa ni mzigo wenye miguu. Alipenda sana kusema hivyo. Alikuwa akiwaambia hata watu waliokuja kununua, hali wameshika kiti mkononi.

Kanisani nako walimjua. Kila Krismasi akina mama walikuwa wakitundika karatasi za rangi kutoka mlangoni hadi madhabahuni, kiasi kwamba mhubiri akiinua mkono zinamshika. Mwaka mmoja walimpa Fundi ufunguo ili arekebishe benchi. Alirekebisha benchi kwa siku tisa. Kila siku aliondoa karatasi chache, akiacha zile zilizobaki zijipange zenyewe, na kufika siku yenyewe ilibaki kamba moja nyekundu juu ya dirisha la mashariki. Watu walisema mwaka huo kanisa limependeza kuliko miaka yote, wakawapongeza akina mama, na akina mama wakapokea pongezi huku wakitazamana. Karatasi nyingine nilizikuta karakanani, amewashia moto wa kuyeyushia gundi.

Ndiyo, karakana. Hapo ndipo uongo wake wote ulipoonekana. Mtu huyo wa msumari mtupu alifanya kazi katikati ya fujo ambayo hata kuku waliogopa kuingia: maranda hadi magoti, vipande vya mbao vya tangu zamani, makopo ya misumari iliyopinda ambayo aliapa atainyoosha. Na mifuko ya koti lake ilikuwa duka kamili. Nilimwona akitoa humo penseli tatu, kamba, kitasa, nusu ya biskuti, kabari za mbao, na mara moja bawaba iliyokuwa bado imeshikilia kipande cha mlango. Nyumba yake ilikuwa tupu, lakini mdomo wake ulikuwa na makochi mengi. Aliweza kukueleza habari ya utulivu kwa saa mbili bila kukupa nafasi ya kumeza mate.

Hata hivyo alikuwa na jambo alilolielewa ambalo sisi hatukulielewa, na kama si yeye nisingelijua mpaka leo. Asubuhi moja alikuja chumbani kwangu kurekebisha dirisha, akafungua mlango, akanishika bega akanionyesha sakafuni.

"Unaona jua imekaa wapi?"

"Naiona."

"Hapo usiweke kitu."

"Kwa nini?"

"Iko na mwenyewe tayari."

Na alikuwa na kipimo kingine, cha macho. Alisema nyumba iliyopangwa sawasawa ni ile unayoweza kuitembea umefumba macho, kutoka mlangoni hadi kitandani, bila kuguswa na kitu. Alikuwa akiwapima watu hivyo bila kuwaomba ruhusa. Anaingia, anasalimia, anafumba macho, anatembea, halafu unasikia goti.

Lakini jambo alilojivunia kuliko yote ni miguu ya vigoda vyake. Vilikuwa vya miguu minne, ingawa wazee wetu walimwambia kigoda cha miguu mitatu ndicho kisichoyumba. Alikuwa akiwajibu kwamba miguu mitatu ni ya fundi anayeogopa sakafu. Kila kigoda kabla ya kutoka aliweka juu yake kikombe cha maji kilichojaa hadi ukingoni, akakisukuma kwa kidole. Tone likimwagika, msumeno. Aliwahi kukimbilia kigoda kimoja hadi Juja kwa baiskeli kwa sababu aliota kinayumba. Hakikuyumba, lakini alikipima hivyo hivyo, mwenye kigoda akiwa amesimama na sahani yake ya ugali.

Sasa nirudi kwenye vile vigoda viwili vya nyumbani kwake. Kimoja alikikalia yeye. Mgeni alikaa kitandani. Kile cha pili, kifupi, cha mti wa mutarakwa, kilikaa karibu na moto, miguu yake imejichimbia vishimo vinne kwenye sakafu ya udongo, na hakuna aliyekikalia. Nilijaribu siku ya kwanza, akanishika ukosi wa shati kabla sijafika.

"Hapo hapana."

"Si unasema kisichokaliwa ni mzigo?"

Alichokonoa moto, akaniambia kilikuwa cha mama wa nyumba, yaani mkewe, aliyekufa kabla yeye Fundi hajaja Thika. Alikitengeneza wiki ya kwanza ya ndoa yao. "Hiki sikupima na maji," akasema. "Zawadi haipimwi." Halafu akanieleza namna mkewe alivyokuwa akikikalia: ameegemea kushoto, mguu mmoja kaunyoosha, kama mtu ambaye ataondoka wakati wowote. Miaka kumi na moja alikaa hivyo, na Fundi hakuwahi kujua kama alikuwa ameridhika naye au alikuwa anangoja nafasi ya kurudi kwao. Alilisema hilo bila kunitazama. Nilimwonea huruma sana.

Sasa Njeri. Baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe kwenye shamba la mkonge upande wa Gatuanyaga, mzee mrefu, mwenye maneno machache. Kwetu Wakikuyu, kabla binti hajatolewa, watu wake huja kuona itara, yaani lile dari la fito juu ya moto ambapo kuni hukaushiwa. Hawaji kuona kuni. Wanakuja kuona kama binti yao atapata pa kulala, pa kupika na pa kukaa. Ilipasa waende kwa mama yangu, lakini ilikuwa miaka ya hali ya hatari ya wakoloni, nyumba ya mama ilikuwa imebomolewa, naye amehamishiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro na askari, ambacho hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuingia. Kwa hiyo ikakubaliwa waje kuona chumba changu cha kiwandani, pale Thika upande wa Kamenu. Bwana wa shamba aliwaandikia barua ya siku moja, watu saba, na kafyu, ile amri ya kutotembea usiku, isiwakute njiani. Barua kama ile haikuandikwa mara mbili. Wakiondoka bila neno, neno lisingekuja tena, na Njeri alikuwa na mchumba mwingine anayengoja, mwenye duka.

Nilikuwa karani wa stoo. Nilikuwa na chumba cha futi kumi kwa kumi chenye sakafu ya saruji, kitanda, meza na kigoda kimoja cha Fundi. Nikakiangalia chumba kile kwa macho ya mwenye duka, nikaona aibu. Nikaenda kuazima.

Karani wa posta alinipa kochi. Mama wa mandazi alinipa kabati la vioo, pamoja na vikombe. Dereva wa lori alinipa viti vinne vya mito, na mkewe akavivika vitambaa vya manjano. Mwinjilisti alinipa saa ya ukutani ambayo haikuwa ikitembea, akaniambia niwaketishe wageni wakiwa wameipa mgongo. Kufika Ijumaa mchana, chumba kilijaa hadi nikawa naingia kitandani kwa kupitia dirishani. Nilisimama nje nikakitazama, nikajiona mtu mkubwa.

Fundi akaja. Akasimama mlangoni, akasalimia, akafumba macho.

Goti.

"Hii naijua," akasema, akijipapasa. "Hii ni kochi ya karani wa posta. Nilimwambia ni ndefu." Akasogea, akagonga tena. "Kabati ya mama wa mandazi. Na hizi ni viti za dereva. Kijana, wewe unaoa, ama unafungua duka yangu?"

"Fundi, watu wanakuja kuangalia nyumba. Wakikuta hakuna kitu watasema sina kitu."

"Lakini huna kitu."

"Ndiyo maana nimeazima."

"Na watu watakaa wapi?"

"Si unaona viti?"

"Viti naona. Nauliza watu."

Nilikasirika. Nilimwambia mtu mwenye msumari mtupu ukutani hana la kumfundisha mtu anayetaka mke. Hilo neno lilinitoka, na nilijuta likiwa bado njiani. Fundi alifumbua macho, akagusa kabati pale pembeni kama anayemsalimia mtoto wake, akaondoka.

Kosa langu kubwa sikuliona mpaka kesho yake asubuhi. Mtu wa kwetu akikuazima kitu chake cha thamani, hakiachi peke yake. Saa tatu karani wa posta alikuwa amesimama nje ya dirisha langu amevaa tai. Mama wa mandazi alikuja na kitambaa cha kufutia vioo. Dereva na mkewe walikuja na mtoto. Mwinjilisti alikuja kuomba na akabaki. Wakwe zangu walipofika, vumbi la Gatuanyaga likiwa bado miguuni, walikuta dirisha limejaa vichwa.

Aliyeingia kwanza ni shangazi yake Njeri, mama mnene mwenye heshima zake. Alipita kochi vizuri. Kati ya kochi na kabati alikwama.

"Mama, pole pole na hiyo kioo," sauti ikasema dirishani.

Shangazi akageuza shingo, kwa kuwa ndiyo peke yake iliyoweza kugeuka. "Hiyo kioo ni ya nani?"

"Ni yangu," akasema mama wa mandazi, ambaye hakuzoea kusema uongo.

"Na kama unakaa, usikalie hapo mwisho," karani wa posta akaongeza kwa upole. "Hapo imelegea."

Kimya kikaingia, kikapata nafasi ambayo watu hawakuipata. Baba yake Njeri alikuwa bado nje, pamoja na wengine watano, juani. Njeri alikuwa nyuma yao ameshika kikapu, ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Mzee aliangalia vichwa vya dirishani, akaangalia shangazi, halafu akainua uso akaangalia jua limefika wapi. Hapo niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo tena, na nimeona mengi. Mzee alikuwa anahesabu safari ya kurudi.

Fundi alikuwa amesimama pembeni miongoni mwa majirani, na koti lake. Akalivua, akampa mwinjilisti amshikie, mwinjilisti akainama kwa uzito.

"Kila mtu ashike kitu yake," akasema. "Toeni nje."

Nikamwambia kwa sauti ya chini asinimalize mbele ya wakwe. Hata hakunisikia. Alianza na kabati, kwa ajili ya shangazi. Kochi likafuata, viti vikafuata na vitambaa vyao, saa ikafuata. Muda si muda uwanja ulikuwa kama siku ya soko, kila mwenyewe kasimama kando ya mali yake, na wakwe zangu wakapita katikati wakiona wazi mkwe wao ana nini na hana nini. Nilitamani sakafu inimeze, ila sakafu ilikuwa ya saruji.

Ndani kulibaki kitanda, meza na kigoda changu. Tukatandika mikeka. Fundi akaelekeza nani akae wapi, na watu saba waliingia wote, wakakaa, wakanyoosha miguu, na katikati palibaki mahali ambapo jua la mlangoni liliingia likalala. Shangazi alishusha pumzi yake ya kwanza tangu afike. Mzee akazungusha macho polepole, ukuta kwa ukuta.

"Sasa ninaona nyumba," akasema.

Fundi alinitazama kwa jicho moja, nami nilijua nitaisikia habari hiyo miaka yote iliyobaki.

Kisha mzee akaelekeza fimbo yake. "Hii kigoda ni ya nani?"

"Ni yangu, Baba."

"Na ya Njeri?"

Nikamtazama Fundi. Alikuwa ametoa kila kitu kisichohitajika, na hakukumbuka kwamba anayekuja naye atahitaji pa kukaa. Chumba kile kilikuwa kimepangwa vizuri kabisa kwa mtu mmoja, kama cha kwake.

"Nimekuja kuona mahali yake," mzee akasema bila hasira. "Sioni."

Fundi akatoka. Nilidhani amekimbia. Kupitia mlangoni nilimwona akinyang'anya baiskeli ya karani wa posta bila kumwomba, akapotea. Tuliwapa wageni chai. Mzee alikunywa akitazama jua, nikamjazia tena, akanywa tena, nami nilikuwa nimeanza kuchungulia kama birika bado lina chai, Fundi aliporudi ametokwa jasho, amefunga kitu nyuma ya baiskeli kwa kamba. Kilikuwa kile kigoda kifupi cha mutarakwa. Udongo wa sakafu yake ulikuwa bado kwenye miguu.

Akakiweka katikati, pale penye jua, mahali alipokuwa akinikataza kuweka kitu.

Mzee akakitazama. "Hii pia ameazima?"

"Hapana. Hii nimempa huyu msichana. Si yake huyu kijana. Wakikosana, msichana aende nayo."

Shangazi akamsukuma Njeri kidogo. Njeri akaja, akakusanya nguo yake, akakaa. Na alipokaa, akaegemea kushoto, akanyoosha mguu mmoja.

Fundi akageuka akaelekea ukutani. Mabega yake yakatikisika. "Hivyo ndivyo alikuwa anakaa," akasema hatimaye. "Mwenye hicho kiti. Hivyo hivyo." Shangazi akachukua ncha ya leso akajifuta. Mwinjilisti, ambaye bado alikuwa ameshika koti, akasema amina. Mimi mwenyewe nilitokwa machozi na sikuyaficha. Baba yake Njeri alimtazama binti yake kwa kitambo, akamtazama mjane wa watu pale ukutani, akaweka kikombe chini.

"Basi," akasema. "Imeonekana."

Waliondoka kabla ya saa ya kafyu. Mwaka huo huo tukaoana, na tangu hapo kila nilipogombana na Njeri nilijikumbusha kwamba huyu aliletwa kwa ishara.

Miaka michache baadaye, kabla muongo ule haujaisha, nilipata kazi kwenye kiwanda cha kahawa Ruiru, tukapewa vyumba viwili na jiko la nje. Lazima niseme ukweli kuhusu vyumba hivyo. Njeri alijifunza kufuma. Tulipata makochi, tukapata kabati la vioo, kitambaa kikawekwa juu ya kochi, juu ya kabati, juu ya redio na juu ya mtungi wa maji, na nilikuwa na hakika kuku akikaa kimya muda mrefu naye atafunikwa. Fundi aliponitumia salamu kwamba anakuja kututembelea, sikulala vizuri.

Alikuja kwa treni. Nilimpokea stesheni nikashtuka jinsi alivyopungua. Mikono ilimtetemeka, alikuwa ameacha randa na msumeno, na macho yake yalikuwa na ukungu. Koti lilikuwa lile lile, limejaa vile vile. Alipofika mlangoni kwangu alisalimia, halafu, ingawa hakuhitaji sana, akafumba macho.

Goti.

"Hii siijui," akasema. "Ni ya fundi mwingine."

"Ni ya Nairobi, Fundi."

"Pole." Akaenda mbele, akagonga, akaenda, akagonga, mkono mbele yake. Nikamwomba akae kwenye kochi. Akakataa. Aliendelea kupapasa hadi akaufikia mlango wa nyuma, akatoka, akafuata harufu ya moshi hadi jikoni.

Njeri alikuwa hapo, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi. Kigoda kilikuwa cheusi kwa moshi, na juu yake pameng'aa kwa kukaliwa. Maana katika nyumba ile yote, hicho ndicho tulichokikalia. Mimi nilinywea chai hapo, majirani wakija walipita makochi wote wakaja kugombania hapo. Njeri aliinuka kumsalimia, akavuta debe akakaa juu yake.

"Karibu Baba. Kalia kiti yako."

Niliona mkono wa Fundi ukikishika, kidole gumba kikipita pembeni. Hakuwahi kukikalia maishani mwake. Alijishusha polepole akakaa wima, kama anavyokaa mtu anayeheshimu mahali.

Kigoda kikayumba.

Akatulia. Akajisogeza kulia, kikayumba tena, tak, juu ya saruji ya jikoni. Uso wake ulibadilika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika.

"Egemea kushoto, Baba," Njeri akasema, akiendelea kumenya viazi. "Halafu nyoosha mguu moja. Hapo inatulia."

Fundi akaegemea kushoto. Akanyoosha mguu. Kigoda kikatulia.

"Mguu wa kigoda, huu wa kulia, ni fupi," akasema.

"Ndiyo, Baba. Ni fupi kidogo."

"Ulijua lini?"

"Ile siku ya itara. Nilipokaa tu."

Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya mlango. "Ulijua? Na ulinyamaza?"

Njeri akanitazama kama anavyonitazama nikiuliza chumvi iko wapi. "Baba yangu alikuwa anaangalia jua. Wewe ulikuwa huna kiti hata moja. Ningesema kigoda inayumba, leo ningekuwa kwa yule wa duka." Akatupa kiazi majini. "Na Fundi alikuwa ametoka kukileta kwa baiskeli. Mtu anawezaje kumwambia?"

Hapakuwa na ishara. Kulikuwa na mguu mfupi, na msichana aliyeshika nafasi yake kwa kuegemea. Nilitaka kucheka na nilitaka kukaa chini, na pa kukaa palikuwa pamekaliwa.

Fundi aliutazama mguu wake ulionyooka.

"Miaka kumi na moja," akasema mwishowe. "Nilikuwa nafikiri anataka kuenda." Akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka machozi yakamshuka akayafuta kwa mkono wa koti. "Kumbe alikuwa ananifichia."

Akaingiza mkono mfukoni. Zikatoka penseli, kamba, kitasa, na mwisho kabari ndogo ya mbao. Akainama, akaipima kwenye mguu ule wa kulia, na hata kwa mikono ile inayotetemeka niliona kwamba inaenea kabisa. Aliishikilia hapo kitambo. Kisha akairudisha mfukoni, akaegemea kushoto, akamwomba Njeri chai.